Wanasema Ziwa Likikatwa Ndiyo Basi

Saratani ya matiti ina wasemaji wengi. Wifi ana lake, jirani ana lake, muuza mitishamba ana lake na bei juu. Lakini ziwa likishakatwa, kila mtu anageuka mpole: "Mshukuru Mungu umepona, mwanangu." Mwanamke akithubutu kuuliza kama ziwa linaweza kujengwa upya, hujibiwa maneno ya kusikia, yanayopokezanwa kwenye mabenchi ya kliniki mpaka yanakaa kama maagizo ya daktari. Nimeyachukua yanayorudiwa sana. Mengi si kweli. Machache ni kweli, na hayo machache ndiyo yaliyostahili kusemwa kabla ya mengine yote.

"Usipojengewa siku ileile ya kukatwa, nafasi imepita."

Si kweli. Ziwa linaweza kujengwa siku ya kukatwa, au miezi baadaye, au hata miaka kumi baadaye. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ya baadaye ndiyo inayowahusu wengi, kwa sababu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshakuwa hatua ya tatu au ya nne. Wa hatua ya tatu kwa kawaida hupewa dripu za tibakemikali, hukatwa, kisha hupigwa mionzi. Mionzi huikausha ngozi na kuikaza, na silikoni ikiwekwa chini ya ngozi ya namna hiyo hubanwa na kovu mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi. Ndiyo maana madaktari wengi hungoja matibabu yaishe na ngozi itulie, mara nyingi miezi sita hadi mwaka, ndipo waguse tena.

Kinachopita kweli ni wakati wa kuuliza. Daktari akijua mapema kwamba mgonjwa wake angependa kujengewa huko mbele, anaweza kuupanga mstari wa kisu, akabakiza ngozi inayoweza kubaki bila hatari, akaongea mapema na mwenzake wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Asipojua, atakata na kufunga, na hana kosa. Swali lenyewe ni fupi: "Daktari, nikitaka kujengewa baadaye, kovu utalipitisha wapi?" Hata likiulizwa usiku wa kuamkia upasuaji bado lina faida.

"Ziwa la kujengwa huificha saratani ikirudi."

Si kweli, ingawa uongo huu una ukoo wa heshima. Haukuanzia kwa jirani. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo daktari wa upasuaji huko Baltimore, Marekani, William Halsted, ambaye aliondoa ziwa pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Alichosema yeye wengine walikiandika. Naye alipinga vikali jeraha kufunikwa kwa nyama iliyohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Mwaka 1906 Mwitaliano Iginio Tansini alieleza jinsi ya kufunika kifua kwa ngozi na msuli wa mgongo. Njia hiyo ikawekwa pembeni, ikaja kufufuliwa miaka ya 1970. Katikati hapo wanawake waliambiwa wangoje, daktari aweze kuliona eneo vizuri ugonjwa ukirudi. Hofu hiyo ikatoka kwenye vitabu vya madaktari, ikashuka hadi wodini, na leo iko kwenye benchi la kliniki.

Tafiti za miaka mingi tangu hapo hazikuonyesha kwamba saratani hurudi zaidi kwa waliojengewa. Na ikirudi mahali palepale, mara nyingi hutokea kwenye ngozi au chini yake kidogo tu, kijiuvimbe kigumu ambacho kidole hukipata, kwa sababu silikoni au nyama iliyohamishwa iko nyuma yake. Ziwa linaloendelea kupigwa mamografia ni lile la upande wa pili.

Kuna kauli nyingine inayofuatana na hii, kwamba kujengewa siku ileile kunachelewesha dripu. Jeraha likipona salama, halicheleweshi kwa kiasi cha kutia hofu. Likitunga usaha, litachelewesha, na kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvuta sigara hatari hiyo ni kubwa. Wao wana sababu nzuri ya kungoja.

"Silikoni ni sumu."

Nusu. Silikoni za ndani zilianza mwaka 1962 huko Houston, Texas, mikononi mwa madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mwaka 1992 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizizuia kwa matumizi ya kawaida, kwa hofu kwamba zinaleta magonjwa ya viungo na ya kinga ya mwili. Tafiti zikafanyika, uhusiano huo haukuthibitika, na mwaka 2006 zikaruhusiwa tena. Halafu mwaka 2010 ikagundulika kwamba kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni, dunia nzima, silikoni zake zenye uso wa kukwaruza, kwa sababu zilihusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye kovu linaloizunguka silikoni. Hiyo si saratani ya ziwa, na dalili yake ya kawaida ni ziwa kujaa maji na kuvimba miaka kadhaa baada ya upasuaji.

Kwa hiyo anayeambiwa atawekewa silikoni aulize ni ya kampuni gani na uso wake ni laini au wa kukwaruza. Kila silikoni huja na kadi yenye namba yake. Kadi hiyo ni ya mgonjwa. Itunzwe pamoja na vyeti.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba silikoni haiwekwi mara moja kwa maisha yote. Nyingi hudumu zaidi ya miaka kumi, lakini zinaweza kupasuka kimyakimya, bila maumivu, na Wamarekani hushauri picha ya MRI au ultrasaundi kuanzia mwaka wa tano au wa sita na kuendelea. Hapo mimi nina shaka yangu. Kwa mama anayeishi Nairobi hilo ni suala la fedha. Kwa anayeishi Kigoma ni fedha, safari, na mtu wa kumwachia watoto. Ningekuwa mbali na mji mkubwa, ningeanza kuulizia nyama yangu mwenyewe.

"Kujengewa maana yake ni kuwekewa silikoni."

Si kweli, na hapa ndipo kazi ya madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile inapopendeza. Mwaka 1895 Vincenz Czerny, daktari wa Heidelberg, Ujerumani, alimtoa ziwa msanii wa jukwaani aliyekuwa na uvimbe usio wa saratani. Mama huyo alikuwa na donge kubwa la mafuta karibu na kiuno. Czerny akalitoa, akalipandikiza kifuani mahali pa ziwa. Silikoni ilikuwa bado haijazaliwa.

Siku hizi nyama huchukuliwa hasa mahali pawili. Pa kwanza ni mgongo. Kipande cha ngozi, mafuta na msuli mpana wa mgongo hugeuzwa na kupitishwa chini ya kwapa hadi kifuani bila kukatwa kwenye mshipa wake wa damu, kama boga linalosogezwa likiwa bado kwenye mtambaa. Kwa kuwa damu haikatiki, daktari hahitaji darubini, na ndiyo maana njia hii inafaa sana kwenye hospitali zisizo na vifaa vingi. Kasoro yake ni kwamba mgongo wa mwembamba hautoi nyama ya kutosha, hivyo pengine silikoni ndogo huongezwa chini yake. Na msuli ule una kazi: ndio unaoushusha mkono kwa nguvu. Anayetwanga kila siku, anayepasua kuni au kuchota maji kisimani kwa kamba amwambie daktari kabla, maana ataona tofauti pale mchi unaposhuka. Kwa shughuli nyingine za nyumbani misuli iliyobaki hujazia pengo baada ya muda.

Pa pili ni tumbo, ile nyama ya chini ya kitovu. Njia ya zamani zaidi, iliyotangazwa na Carl Hartrampf wa Atlanta mwaka 1982, huchukua pia msuli wa tumbo, na wengine hubaki na tumbo lililolegea au henia. Njia mpya zaidi huuacha msuli mahali pake. Hutoa ngozi na mafuta pamoja na mishipa myembamba ya damu, yenye upana wa milimita mbili au tatu, kisha mishipa hiyo huunganishwa na ile ya kifuani chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ni upasuaji wa saa nyingi. Aliyewahi kuzaa kwa kisu kwa kawaida bado anaweza kufanyiwa. Mwembamba asiye na tumbo hawezi.

Usiku wa kwanza baada ya hapo ni wa manesi. Kila saa mmoja huja, anaweka mgongo wa kiganja kwenye ziwa jipya asikie joto, anabonyeza kwa kidole aone rangi inavyorudi, anaweka kifaa cha kusikilizia mshipa. Vitabu vingi vimeandika kuhusu rangi kwa kuangalia ngozi nyeupe: ikipauka damu haifiki, ikiwa zambarau damu haitoki. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo joto na mlio wa mshipa ndivyo vya kuaminiwa. Mshipa ukiziba, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji palepale, maana nyama haitasubiri asubuhi. Hospitali zenye watu na vifaa vya kazi hiyo kwetu ni chache, tena za miji mikubwa. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kina mafunzo ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, lakini madaktari wa fani hiyo wanahitajika pia kwa walioungua moto na watoto wenye midomo sungura. Foleni ni ndefu.

"Litakuwa kama lile la zamani."

Si kweli, na daktari anayekuahidi hivyo mkimbie. Unachojengewa ni umbo. Ndani ya sidiria na chini ya dera hakuna atakayejua. Ukivua utaona makovu, na pengine ziwa moja limekaa juu kidogo kuliko lingine, ndiyo maana mara nyingi lile zima nalo hupunguzwa au kuinuliwa ili yafanane. Ziwa la silikoni halilegei na umri kama mwenzake. La nyama ya tumbo hunenepa ukinenepa.

Chuchu huweza kutengenezwa kwa kukunja ngozi ya palepale, kisha ikachorwa tatoo ya rangi. Wengine hutosheka na tatoo peke yake. Chuchu ya kukunjwa husinyaa kadiri miezi inavyopita, na haitoi maziwa. Mwenye mtoto atanyonyesha upande wa pili, baada ya kushauriana na daktari kuhusu dawa anazotumia.

Kisha kuna ganzi, ambayo hakuna anayeitaja. Mishipa ya fahamu hukatwa pamoja na ziwa. Kwa baadhi hisia hurudi kidogokidogo, kwa wengi hazirudi kikamilifu. Hili si la chumbani tu. Katika nyumba zetu mgonjwa akirudi, bibi au shangazi huja na sufuria ya maji ya moto na kitambaa, amkande. Ziwa lisilo na hisia litaungua bila mwenyewe kushtuka, na ngozi ya pale haiponi upesi. Wapo walioungua kwa chupa ya maji ya moto waliyojiwekea kifuani wakalala. Bibi aambiwe, kwa heshima yake yote: mgongo kanda, miguu kanda, hapo hapana.

"Ni operesheni moja, unarudi nyumbani umemaliza."

Mara chache sana. Mwenye silikoni mara nyingi huanza na mfuko wa kutanua ngozi. Unawekwa ukiwa karibu mtupu, halafu kila wiki moja au mbili anakwenda kliniki. Daktari anatafuta mlango wa mfuko kwa kijisumaku juu ya ngozi, anachoma sindano hapo, anaongeza maji ya chumvi kidogo, anaacha. Kifua kinabana siku mbili tatu, kisha kinazoea. Baada ya miezi mfuko unatolewa na silikoni inawekwa. Chuchu ni siku nyingine, na marekebisho siku nyingine tena.

Wengi pia hurudi nyumbani na mirija ya kutolea maji, yenye chupa ndogo ya plastiki mwishoni. Kila asubuhi na jioni chupa hufunguliwa, maji hupimwa na kuandikwa daftarini. Yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku, mirija hutolewa. Chupa hizo hubanwa kwa pini ndani ya nguo, na kanga mbili zinatosha kuzificha wageni wakija kumpa pole. Ndoo, mtoto mgongoni na jembe vingoje kama wiki sita.

"Sisi weusi tuna keloidi, tusijaribu."

Kuna ukweli ndani yake. Keloidi hutokea zaidi kwetu, na katikati ya kifua ni moja ya mahali zinapopapenda. Lakini hazimtokei kila mtu. Tazama kovu lako la chanjo na matundu ya masikio. Kama yamekaa bapa, una dalili njema. Kama yamevimba na kung'aa, mwambie daktari, naye atajipanga na sindano za steroidi au plasta za silikoni za kubandika juu ya kovu. Na ukumbuke kwamba kukatwa ziwa peke yake tayari kumekuachia kovu refu.

"Dini inakataza kubadili maumbile."

Hili husikika sana Pwani, na anayelisema kwa kawaida ana nia njema. Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha kubadili maumbile kwa kutaka uzuri na kurudisha kilichoondolewa na ugonjwa au ajali. Hoja yao kongwe ni kisa cha Arfaja, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab. Akajiwekea pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume imekatazwa. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Malaysia, liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo lililoharibiwa na maradhi. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, ila amweleze habari yote: kwamba ziwa liliondolewa na saratani.

"Ni urembo wa wenye hela."

Hela, kweli. Urembo, hapana. Marekani walitunga sheria mwaka 1998: bima inayolipia kukatwa ziwa lazima ilipie na kulijenga, pamoja na kulisawazisha la upande wa pili. Waliona ni sehemu ya matibabu yaleyale. Hapa kwetu mwenye bima asitegemee jibu la simu. Aombe kwa maandishi kama upasuaji huu umo, na kama umo, ni hatua ngapi, maana umeona mwenyewe kwamba si siku moja.

Asiye na bima wala fedha ana ziwa la kuvaa. Yapo ya silikoni ya kuingiza kwenye sidiria. Yapo ya kushonwa au kufumwa. Wengi hujazia leso au sponji, na tatizo la leso ni wepesi: ukiinua mkono kushika bomba la daladala, ziwa linapanda kuelekea shingoni. Fundi cherehani akishona mfuko ndani ya sidiria na kuongeza kitu chenye uzito kidogo, halipandi tena.

"Asiyejengewa hajakamilika."

Si kweli hata chembe. Mshairi wa Marekani Audre Lorde alikatwa ziwa mwaka 1978 na akakataa kujaziwa chochote. Aliandika kwamba muuguzi alimlaumu kwa kufika kliniki bila ziwa la bandia, eti anawavunja wengine moyo. Siku hizi kubaki na kifua bapa ni uamuzi unaoheshimiwa hospitalini, na una ufundi wake: daktari huondoa ngozi ya ziada na kulainisha kovu ili pasibaki mikunjo inayochubuliwa na sidiria au kutokwa jasho. Hilo nalo huombwa mapema, kwa sababu wapo madaktari wanaoacha ngozi ikining'inia wakidhani mgonjwa atabadili mawazo. Anayesema "sitaki kabisa" aseme hivyo kabla, na liandikwe kwenye faili.

"Lazima mume asaini."

Si kweli. Mtu mzima mwenye akili timamu hujisainia mwenyewe, kwa kukatwa na kwa kujengewa. Najua inavyokwenda: fomu inaletwa, nesi anauliza "Baba yuko wapi?", na upasuaji unasogezwa mpaka atoke safarini. Kushauriana na mume ni jambo jema, na wapo waume waliouliza maswali ambayo wake zao walikuwa wanayaogopa. Lakini wapo pia wanaotaka ziwa lijengwe wakati mwenyewe amechoka na visu, na wanaokataa wakati mwenyewe analitaka. Mstari wa sahihi umeandikwa "mgonjwa".